Mafunzo ya mawasiliano kwa mameneja wapya: nianze na kipi, na nipime nini?

Mratibu_Mafunzo

Wakuu, habari za kazi.

Naandaa mafunzo ya mawasiliano kwa mameneja na wasimamizi wapya 12. Karibu wote wamepandishwa cheo kwa sababu ni hodari katika fani zao. Suala la kuongoza watu limekuja na cheo. Nina saa mbili kwa wiki, wiki nane, na hakuna bajeti ya mkufunzi wa nje.

Malalamiko ya walio chini yao yanajirudia:

1. Kazi inatolewa kwa maneno mawili matatu, inarudi siyo, kila mmoja anamlaumu mwenzake.
2. Kikaoni meneja anazungumza peke yake. Akiuliza "kuna mwenye swali?" kimya. Kikao kikivunjika, maswali yote yanaulizwa kwenye korido.
3. Mrejesho unasubiri tathmini ya mwaka, au unatolewa mbele ya watu.
4. Grupu la WhatsApp halilali, na hakuna anayejua lipi ni agizo na lipi ni wazo tu.

Vitini nilivyopata vinaanza na mchoro wa mtumaji, ujumbe na mpokeaji, kisha dai kwamba mawasiliano ni "asilimia 7 maneno, 38 sauti, 55 mwili", kisha aina za usikilizaji. Mtu anaweza kufaulu mtihani wa hayo yote na Jumatatu akaongea vilevile alivyozoea. Mngepanga vipi? Nawasilisha.

Kiongozi_wa_Zamu

Mkuu, anza na namba 1 na uipe wiki mbili nzima. Kukabidhi kazi kunatokea kila siku, kwa hiyo hutahitaji kubuni mazoezi, na matokeo yake yanaonekana ndani ya siku chache.

Kwanza waonyeshe kwa nini fundi hodari ndiye mara nyingi anayeeleza vibaya. Mwaka 1990 Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaambia watu wagonge mezani mapigo ya nyimbo zinazojulikana sana, wenzao wasikilize na kutaja wimbo. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani. Msikilizaji anasikia ko-ko-ko. Meneja anayesema "niandalie ripoti ya mauzo, fupi tu" naye anausikia wimbo mzima: kurasa ngapi, ya kipindi gani, itasomwa na nani. Jaribio hilo linafanyika darasani kwa dakika kumi na halihitaji kifaa zaidi ya meza.

Kisha wafundishe mambo matano ya kutaja wakati wa kukabidhi kazi. Mwanzoni wayaandike kabla ya kufungua mdomo.

- Kitu kinachotakiwa kikiwa kimekamilika. "Jedwali la ukurasa mmoja lenye mauzo ya kila tawi kwa miezi 3", siyo "shughulikia ile ripoti".
- Kitatumiwa na nani, kuamua nini. Hili ndilo linalorukwa kuliko yote, na ndilo linalomsaidia mtu kujiongeza pale maelekezo yanapoishia.
- Siku na saa. "Alhamisi saa 9 alasiri". Ukisema "mwisho wa wiki", mmoja anaelewa Ijumaa mchana, mwingine Jumapili usiku.
- Mipaka: nini anaweza kuamua mwenyewe, nini lazima arudi kuuliza.
- Lini mtaangalia pamoja katikati ya safari. Kazi ya siku tano ikaguliwe siku ya pili, ikiwa bado rasimu chafu. Siku ya nne hakuna muda wa kurekebisha, unabaki wa kulaumiana tu.

Baada ya hapo, swali la "umeelewa?" lipigwe marufuku. Jibu lake ni "ndiyo" hata kwa ambaye hajaelewa, maana kukiri mbele ya bosi kwamba hujaelewa ni kujishusha. Badala yake: "Hebu niambie utaanzia wapi, nione kama nimeeleza vizuri." Hapo mzigo uko kwa aliyeeleza. Wasimamizi wengine watakwambia hilo ni kuwatendea watu wazima kama watoto. Wakumbushe kwamba rubani hurudia kibali anachopewa na waongoza ndege, na hakuna anayemwona mtoto. Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana na watu 583 wakafa. Mojawapo, ya shirika la KLM la Uholanzi, ilikuwa imesema kwa redio maneno yaliyoweza kueleweka kwamba inasubiri kuruka au kwamba imeshaanza kuruka. Mwongoza ndege akajibu "OK", na maneno yake ya kuwataka wasubiri yakaingiliana na ujumbe wa ndege nyingine kwenye masafa yaleyale. Tangu hapo neno la kuruka limewekewa masharti: linatumika wakati wa kutoa au kufuta kibali chenyewe, kwingine husemwa "kuondoka".

Zoezi la darasani: watu wawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja ana mchoro wa maumbo sita, mwingine ana karatasi tupu. Raundi ya kwanza msikilizaji haruhusiwi kusema kitu. Ya pili anauliza anachotaka. Ya tatu anarudia kila agizo kabla ya kuchora. Dakika tano kila raundi, na mchoro mpya kila mara, vinginevyo utakuwa unapima kumbukumbu. Raundi ya tatu huonekana ya polepole, lakini linganisha michoro mwishoni.

Asiyependa_Vitini

Naunga mkono hoja ya juu, ila nina ombi moja: ule ukurasa wa 7-38-55 uuchane.

Takwimu hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian na wenzake ya mwaka 1967. Walichokuwa wanapima ni hisia: mtu akitamka neno moja kwa sauti au uso unaopingana na maana ya neno hilo, msikilizaji anaamini kipi kuhusu kupendwa au kuchukiwa? Mehrabian mwenyewe ameshaeleza kwamba hesabu hiyo haihusu mawasiliano yote. Ingekuwa kweli kwamba maneno ni asilimia 7, ungeweza kuelewa hotuba ya lugha usiyoijua kwa asilimia 93 kwa kumtazama msemaji tu.

Na ina madhara. Meneja akiiamini, anatumia wiki nzima kujifunza kusimama wima na kukazia watu macho, huku agizo lake bado halina tarehe. Kilicho sahihi katika utafiti ule kinatosha sentensi moja: uso na sauti vikipingana na maneno, watu wanaamini uso na sauti. Kwa hiyo usiseme "mlango wangu uko wazi" huku macho yako kwenye simu.

Mwandishi_wa_Kumbukumbu

Mimi nizungumzie vikao, maana hapo ndipo watu wanaambiwa "wawe wasikivu" bila kuambiwa wafanye nini.

Kimya baada ya "kuna mwenye swali?" kina sababu tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni muda. Mary Budd Rowe alichunguza madarasa na kukuta walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu. Meneja ahesabu kimoyomoyo mpaka saba. Atajisikia vibaya kweli. Avumilie, asijaze kimya kwa kujijibu mwenyewe.

Ya pili ni swali lenyewe. "Kuna mwenye swali?" linajibika kwa kutikisa kichwa. Swali linalofungua mdomo lina kitu ndani yake: "Katika mpango huu, ni hatua gani itakwama kwanza?" au "Mteja akipokea hili kesho, atalalamikia nini?" Hapo meneja ameshakiri kwamba kasoro zipo, kwa hiyo anayezitaja hapingani na bosi, anajibu swali aliloulizwa.

Ya tatu ni mpangilio wa kuongea. Bosi akitoa maoni yake kwanza, mjadala umekwisha. Atoe hoja, wape watu dakika mbili waandike kila mmoja kwenye karatasi yake, kisha wasome kwa zamu kuanzia mwenye cheo cha chini. Bosi awe wa mwisho. Kuandika kwanza kuna faida ambayo wengi hawaifikirii: mtu anasoma alichokwisha kuandika, hawezi kubadilisha kirahisi akawa anakubaliana na aliyetangulia.

Kwenye ajenda kila kipengele kiwekewe alama: taarifa, mjadala au uamuzi. Taarifa nyingi zinaweza kutumwa kwa maandishi na zikafutwa kikaoni. Mwishoni kila uamuzi uwe na mwenye kazi mmoja na tarehe. Ukisikia "idara ya fedha na ya ugavi watashughulikia", jua hakuna atakayeshughulikia. Muhtasari utumwe siku hiyohiyo, mistari kumi inatosha; kumbukumbu za kurasa nne zinazokuja baada ya wiki hazisomwi na mtu.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna zoezi la darasani linaloliweka sawa. Mtu wa kwanza kuleta habari mbaya akigombezwa, wengine wote wameshajifunza. Amy Edmondson aliwahi kuchunguza makosa ya dawa hospitalini akakuta vitengo vilivyokuwa na uongozi mzuri vinaripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba kule watu walikuwa huru kuyasema, na kwingine yalifichwa. Kwa hiyo meneja awe na sentensi moja aliyokwisha kuizoea kinywani kwa ajili ya siku hiyo: "Afadhali umeniambia sasa. Tuna muda gani, na tunahitaji nini?" Nani alikosea, hilo litafuata baadaye, faragha.

Mratibu_Mafunzo

Nimenufaika sana, asanteni. Ukurasa wa 7-38-55 umeshachanwa.

Naomba mnisaidie kwenye mrejesho. Nilikuwa nimepanga kufundisha ule mtindo wa kusifu, kukosoa, kusifu. Na kuna ugumu wa ziada: baadhi ya hawa mameneja ni vijana, wanasimamia watu waliowazidi umri na waliokuwa kazini kabla yao. Wanaogopa kukosoa, basi wananyamaza hadi wanalipuka.

Mama_Rasilimali_Watu

Mwanangu, mtindo huo wa kuficha kosa katikati ya sifa uuache. Mwoga wa kukosolewa husikia kosa tu na kudhani sifa zilikuwa danganya toto. Anayejipenda husikia sifa tu. Na baada ya mara mbili tatu, kila ukimsifu mtu anasubiri "lakini".

Tumia sehemu tatu zinazofundishwa na Center for Creative Leadership, taasisi ya mafunzo ya uongozi: tukio, tendo, athari. Lilitokea wapi na lini, mtu alifanya au alisema nini kinachoweza kuonekana au kusikika, na kilisababisha nini. Mfano:

"Jana kwenye makabidhiano ya zamu (tukio), uliondoka kabla ya kuandika kwenye daftari kwamba mashine namba 2 imezimwa (tendo). Zamu ya usiku walitumia dakika 40 wakitafuta hitilafu ambayo haikuwepo (athari)."

Linganisha na "siku hizi umekuwa mzembe". Uzembe ni hukumu juu ya mtu. Atakachofanya ni kujitetea. Daftari halikuandikwa: hilo halina ubishi. Kipimo cha kuwapa washiriki ni hiki: je, kamera ingeweza kulirekodi? Kamera hairekodi "dharau" wala "kutojali". Inarekodi kuingia kikaoni dakika 20 baada ya wengine.

Baada ya athari, nyamaza na uulize: "Wewe ulilionaje?" Mara kadhaa utagundua sababu ambayo hukuijua, mfano daftari lilikuwa limefungiwa ofisini. Wengi wanaharibu hapa kwa kuuliza "kwa nini hukuandika?" Swali la kwa nini linasikika kama mashtaka, linazaa visingizio. "Nini kilikuzuia?" linazaa habari. Malizeni na kitu kimoja kitakachobadilika na siku ya kukiangalia tena. Kimoja. Meneja aliyekusanya makosa saba ya miezi mitatu ataondoka na sifuri.

Muda ni siku hiyo au kesho yake, faragha. Ukiwa na hasira, kesho yake. Na sifa zifuate sehemu zilezile tatu, vinginevyo hazina faida: "kazi nzuri" haimwambii mtu arudie nini.

Sasa kijana na aliyemzidi umri. Heshima ya salamu na ya kumwita mtu jina lake la heshima ibaki palepale, cheo hakiifuti. Lakini asianze kwa kuomba radhi kwa kuwa meneja ("Samahani mzee, mimi ni mdogo kwako ila..."), maana anakuwa amelipunguzia uzito jambo lenyewe kabla hajalisema. Aende yeye kwa mzee, asimwite mbele ya watu. Aseme tukio, tendo na athari bila kuongeza chumvi, kisha atumie uzoefu wa mzee pale ulipo kweli: "Mzee wangu, utaratibu huu umeufahamu muda mrefu kuliko mimi. Tufanye nini ili daftari lisirukwe?" Ikiwa uamuzi umeshafanyika, asijifanye anaomba ushauri. Mtu mzima anatambua mara moja.

Na wakumbushe kwamba mrejesho siyo onyo. Kosa la kinidhamu lina utaratibu wake, lina maandishi, na lina haki ya mtu kusikilizwa. Meneja anayeanza kwa "tuzungumze tu kirafiki" na kumaliza kwa kutishia barua ameharibu vyote viwili. Akihisi jambo linaelekea huko, asimamishe mazungumzo na awaone rasilimali watu kwanza.

Kiongozi_wa_Zamu

Nakazia ya Mama. Ili mrejesho usiwe tukio la kutisha, kila meneja awe na mazungumzo ya watu wawili na kila aliye chini yake, dakika 30 kila baada ya wiki mbili. Mwenye watu 8 anatumia wastani wa saa mbili kwa wiki. Ajenda ni ya mfanyakazi, siyo ya meneja: nini kimekwama, anahitaji nini, anataka kujifunza nini. Ikigeuka kuwa ripoti ya maendeleo ya kazi, watu huanza kuikwepa. Dharura ikitokea, kikao kihamishwe siku nyingine wiki hiyohiyo. Kukifuta kabisa kunamwambia mtu yuko nafasi gani.

Asiyependa_Vitini

Namba 4 haihitaji wiki nzima, saa moja inatosha kwa sababu ni suala la makubaliano kuliko ujuzi. Waandike kwa pamoja ukurasa mmoja:

Dharura ni kupiga simu. Simu, siyo ujumbe. Ukishasema hivyo, mtu ana ruhusa ya kutochungulia grupu usiku.

Ujumbe uanze na neno linaloonyesha ni kitu gani: AGIZO, TAARIFA au MAONI. Agizo limtaje mtu kwa jina na liwe na saa ya mwisho. Ujumbe mmoja, ombi moja. Ukiweka matatu, utajibiwa lile rahisi.

Jambo lililobishaniwa kwa maandishi mara mbili bila kueleweka, la tatu mpigiane simu, kisha mmoja aandike mlichokubaliana. Kukosoa mtu kwa maandishi, hapana. Utani wa kejeli pia hapana: mwaka 2005 Justin Kruger na Nicholas Epley walionyesha kwamba waandishi wa barua pepe hujiamini kupita kiasi kuwa msomaji atatambua kejeli yao, wakati wasomaji waliipatia kwa kiwango kisichozidi sana kubahatisha. Mwandishi anaisikia sauti yake mwenyewe anapoandika. Ni zile nyimbo za mezani tena.

Meneja anayefikiria vizuri saa nne usiku, aandike. Ila aweke ujumbe ujitume saa mbili asubuhi.

Mratibu_Mafunzo

Rasimu yangu sasa: wiki ya 1 jaribio la kugonga meza na makubaliano ya ujumbe, ya 2 na 3 kukabidhi kazi, ya 4 na 5 mrejesho, ya 6 vikao, ya 7 mazungumzo ya watu wawili, ya 8 kupima. Kupima nilifikiria dodoso kwa mameneja wenyewe. Mnaonaje?

Mwandishi_wa_Kumbukumbu

Dodoso la mameneja litakwambia kama walifurahia mafunzo, basi. Waulize walio chini yao, bila majina, na usiulize "meneja wako anawasiliana vizuri?" Uliza mambo yanayohesabika: kazi ya mwisho uliyopewa, uliambiwa saa ya kuikamilisha? Uliirudia baada ya kukosea maelekezo? Ni lini mara ya mwisho uliambiwa kitu mahususi ulichofanya vizuri? Timu ikiwa na watu wasiofika watano, unganisha majibu ya timu mbili, vinginevyo kila mtu atajulikana kwa mwandiko wake.

Kikaoni mtu mmoja akae na saa na karatasi. Aandike dakika alizoongea meneja, idadi ya watu wengine walioongea, na maamuzi mangapi yametoka na mwenye kazi na tarehe. Hayo matatu tu. Ukimpa fomu ya vipengele 20 ataijaza kwa kukisia.

Pima wiki mbili kabla ya kuanza, maana bila namba za mwanzo, za baadaye hazina cha kulinganishwa nacho. Na wiki ya 8 ni mapema mno, kila mtu bado anajua anatazamwa. Hiyo itumie kwa igizo la mrejesho mgumu, watu watatu watatu: msemaji, msikilizaji na mtazamaji anayeandika maneno halisi yaliyotamkwa. Kipimo cha pili kiweke wiki ya 16, na usiwatangazie tarehe.

Mama_Rasilimali_Watu

Na mkubwa wa hao 12 umemweka wapi kwenye rasimu? Wewe unawafundisha waulize na wasubiri sekunde saba, kisha Jumatatu wanaingia kwenye kikao chake anakoongea saa nzima peke yake. Mpe mambo yale matano ya kukabidhi kazi kabla ya wiki ya 2, na umwombe ayatumie kwa hao mameneja. Wakimwona anafanya, nusu ya kazi yako imekwisha. Asipokubali, ongea na aliyekupa jukumu hili kabla hujachapa kitini hata kimoja.